Kupanga orodha ya maaskofu wa Durham

Ndugu, umeuliza kwa nini orodha moja ya maaskofu wa Durham, mji wa kaskazini mwa Uingereza, inaanza mwaka 635 na nyingine 995. Zote zina msingi. Askofu Aidan aliweka kiti chake, yaani makao ya uaskofu, kisiwani Lindisfarne mwaka 635. Kwa hofu ya Wadenmaki, jumuiya iliondoka kisiwani mwaka 875 ikiwa na mwili wa Mtakatifu Cuthbert, ikatua Chester-le-Street, kisha Durham mwaka 995 chini ya Aldhun. Anza na 635, lakini weka safu ya makao, la sivyo utamwita Aidan askofu wa mji ambao haukuwa na kiti.

Tenganisha pia tarehe za kuchaguliwa, kuwekwa wakfu na kuhamishwa. Hapo ndipo wengi huchanganya. Cuthbert alichaguliwa 684 kuwa askofu wa Hexham, akabadilishana jimbo na Eata wa Lindisfarne, akawekwa wakfu 685. Joseph Butler aliwekwa wakfu 1738 kwa ajili ya Bristol. Durham alifika 1750.

Kwenye hati za kabla ya 1752, kumbuka mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi: Februari 1660 ya karani ni Februari 1661 kwetu.

Bunge la Uingereza lilifuta uaskofu mwaka 1646. Thomas Morton, askofu wa Durham, alifariki 1659, na aliyemfuata, John Cosin, akawekwa wakfu Desemba 1660. Pengo hilo liache wazi, usilijaze kwa kukisia.

Mamlaka ya kidola ya maaskofu wa Durham, yaani ya kutawala eneo lao kiserikali, yalikoma 1836, baada ya kifo cha William Van Mildert. Uaskofu wenyewe uliendelea.