Umekumbuka dini msimu wa korosho

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, Mwislamu, karani wa ghala hapa Mtwara Mjini, na nina mikorosho yangu Newala. Mke wangu ni Mkatoliki wa Ndanda. Tulifunga ndoa bomani miaka tisa iliyopita, tukakubaliana kila mtu abaki na dini yake. Tuna watoto wawili, wanasoma madrasa, ingawa huchelewa kwa sababu mama yao anachelewa kuwapigia pasi kanzu. Sasa nimerudi kwenye dini kwa dhati na naona nyumba yenye dini mbili haina baraka. Rozari yake inaning'inia chumbani, Kwaresma ikifika ana mambo yake ya kufunga, watoto watachanganyikiwa. Nimemwomba asilimu tufunge ndoa upya kwa shehe. Amekataa, na amekwenda kunishtaki kwa mama yangu mzazi. Cha ajabu mama yuko upande wake. Kuna dada mmoja tunasali naye msikiti mmoja, ana maadili, yeye ananielewa sana. Nifanye nini mke wangu aone nuru?*
*Muumini, Mtwara*

Marahaba, mwanangu. Pole na msukosuko wa nyumbani. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia ninayemwonea huruma ni mama watoto.

Tuanze na kanzu. Wewe umezileta kama mashtaka. Mimi nimeona mwanamke aliyekulia jirani na kanisa la Ndanda ameinamia pasi asubuhi, ananyoosha kanzu za wanawe wakasome Kurani, na baba yao aliyerudi kwenye dini kwa dhati amesimama mlangoni anaangalia saa. Pasi haina dini, baba. Ungeishika mwenyewe wangewahi.

Tena kuna jambo hukuliandika. Sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao, mtoto tumezoea kumhesabu kwa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Wajomba wa hao watoto nadhani ni Wakatoliki kama dada yao. Wangetaka, wangeleta maneno tangu siku mtoto anapewa juzuu mkononi. Barua yako haina hata ugomvi mmoja wa mashemeji. Wamenyamaza kwa heshima yako.

Halafu kuna kubwa kuliko kanzu, na sidhani kama umewahi kumuuliza. Kanisa Katoliki linamtaka muumini wake anayeolewa na asiye Mkristo apate kwanza ruhusa ya askofu. Nyinyi mlikwenda bomani. Kama ruhusa hiyo haikuombwa, kanisani kwake ndoa yenu haitambuliki, na komunyo hapokei. Miaka tisa! Kila Jumapili anayokwenda misa, wenzake wanainuka benchi zima kupanga mstari, yeye anakunja miguu wampite. Kisha anarudi nyumbani kukupikia. Na wewe kilichokukera ni rozari, ambayo bila shaka ilikuwa kwenye msumari huohuo tangu ulipomleta.

Unasema dini mbili zinaondoa baraka. Nani kakwambia? Si shehe, maana shehe aliyesoma angekufungulia Al-Maida aya ya 5, inayomruhusu mwanamume Mwislamu kumuoa mwanamke mwema wa Ahlul Kitabi, yaani Mkristo au Myahudi. Hapo ndipo uliposimama ulipomchumbia. Angekufungulia pia Al-Baqara aya ya 256: hakuna kulazimishana katika dini. Mimi mwenyewe ni Mwislamu, mtoto wa Mikindani, na aya hizi sikuzikuta chuo kikuu. Nimezikuta mkekani, kwa mwalimu aliyekuwa anatuchapa bakora.

Na hiyo Kwaresma. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza tarehe 2 Machi, Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5. Nyumba nzima mlikuwa na swaumu, kila mtu na yake. Nani aliamka saa kumi usiku kukupashia daku? Nani alichemsha uji wa futari huku naye ana njaa yake? Hukuandika, na najua kwa nini hukuandika.

Kuhusu watoto kuchanganyikiwa, hebu tazama mkoa huu unaoishi. Kina mama wenye baibui wanatoka Newala na Tandahimba kwenda kujifungua hospitali ya misheni pale Ndanda, wanarudi na watoto wao wanawapa majina ya Kiislamu, na hakuna aliyechanganyikiwa. Askofu Lucas wa Masasi, Mwanglikana aliyewekwa wakfu 1926, alipokuta watu hawako tayari kuacha jando hakuipiga marufuku. Aliitengenezea taratibu za Kikristo, na vijana wakaendelea kutahiriwa na kufundwa. Mzungu kutoka mbali aliweza kukaa na mila za wenyeji, wewe unashindwa kukaa na shanga za mkeo? Katiba yetu Ibara ya 3 inasema nchi hii haina dini, na Ibara ya 19 imeliacha suala la imani kwa mtu binafsi. Tangu sensa ya 1967 serikali haijauliza tena wananchi ni dini gani. Imeona haina haja ya kuhesabu. Wewe ndiye unayehesabu, tena chumbani.

Sasa tufike kwenye sentensi uliyoificha mwishoni. "Kuna dada mmoja." Mnasali msikiti mmoja, sawa. Lakini misikiti ninayoijua wanawake wana mlango wao na pazia lao. Huko kueleweka sana kumefanyika saa ngapi?

Ndiyo maana unataka kufunga upya kwa shehe. Umenusa sheria, ila umeinusa nusu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaichukulia ndoa ya bomani kuwa ya mke mmoja, na ya Kiislamu kuwa inayoweza kuongeza wake, mpaka ithibitike vinginevyo. Hesabu yako ni kwamba mama watoto akisilimu na mkala ubani wa pili, mlango wa mke wa pili umefunguka. Haujafunguka. Sheria hiyohiyo inasema aina ya ndoa haibadiliki ila kwa tamko la mume na mke, kwa hiari yao wote wawili, mbele ya hakimu, likaandikwa na wote wakatia saini. Ukimuoa huyo dada juu ya ndoa ya mke mmoja, ndoa yake ni batili. Na ukifikiria talaka, mahakama kwa kawaida itakuuliza kwanza kama mmepita baraza la usuluhishi la ndoa. Huko nako utaulizwa habari za kanzu.

Barua yako imenifikia Novemba. Minada inaendelea, malipo ya korosho yanaingia, na wewe una ghala na una shamba. Nimekaa kusini miaka ya kutosha kuona wanaume wanavyobadilika mwezi huu. Zamani aliyepata fedha za msimu alisema mke hazai, au mke mchafu, akaleta mwingine. Siku hizi mmegundua sababu yenye heshima zaidi, eti imani. Na nyinyi kina mama mliookoka msicheke, maana barua zenu ninazo. "Mtumishi kaniambia niondoke kwa mume asiyeokoka." Ukichimba unakuta mume kafilisika, na mtumishi hana mke. Ndoa za siku hizi watu wanaingia kwa picha na sare za kamati, wakichoka wanamsingizia Mungu. Wazee wetu walikuwa na makosa yao mengi, lakini mtu alipotaka mke wa pili alisema nataka mke wa pili, akatukanwa, mambo yakaisha.

Mama yako amekushinda akili. Mama mkwe kumtetea mkwe dhidi ya mwana wa kumzaa mwenyewe, na mkwe huyo wa dini nyingine, si jambo la kila siku. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nenda kwake, ukae chini, umwombe radhi kwa kumwona wa ajabu. Kisha umwambie mkeo ukweli wote, pamoja na habari ya dada, kabla hajaambiwa gengeni. Muulize pia kuhusu komunyo. Kama anataka mwende kwa paroko kuuliza ndoa yenu itengenezwe vipi upande wake, mpeleke. Hakuna atakayekubatiza kwa kukaa kwenye kiti cha ofisi ya parokia.

Ukimaliza yote hayo na bado unataka wa pili, mwombe mama watoto mwende wote kwa hakimu, aseme mwenyewe kama anakubali. Huyo dada naye mwambie cheti chako kinasemaje. Usipomwambia, kuna siku ataniandikia, na nitamjibu hapahapa.