Kwa nini serikali ya mtaa ikope ilhali inakusanya kodi?

Ndugu uliyeuliza, umetaka kujua kwa nini serikali za mitaa hukopa ili kujenga mfumo wa majitaka ilhali hukusanya kodi kila mwaka. Kodi ya majengo, ada za leseni, tozo za huduma na ruzuku ya serikali kuu kwa sehemu kubwa humezwa na matumizi ya kawaida, yaani mishahara, usafi na matengenezo. Mfumo utakaotumika miaka 40 ni jambo jingine: ukilipiwa wote kwa mapato ya mwaka mmoja, wakazi wa leo hubeba gharama za watakaohamia baadaye, hivyo hatifungani, yaani hati ya mkopo ambayo serikali huwauzia wawekezaji, inayolipwa polepole hugawa mzigo kwa haki zaidi, mradi muda wa deni usizidi umri wa mfumo wenyewe.

Ipo pia njia iliyoanzia California mwaka 1952, ambapo thamani ya majengo ya eneo chakavu hurekodiwa, kisha nyongeza ya kodi inayopatikana baadaye thamani hiyo inapopanda hutengwa kulipia uboreshaji wa eneo hilohilo. Mimi naiunga mkono kwa tahadhari kubwa, kwa sababu ardhi ingeweza kupanda thamani hata bila mradi, na hapo fedha ambazo zingeenda shuleni huzuiliwa mahali pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kiasi kilichokopwa, nakuomba uulize ni mapato gani hasa yamewekwa dhamana, kwani deni linalolipwa kwa ankara za maji pekee halifanani kabisa na deni linalotegemea kodi ya kila mkazi.