Jezi ya sateni ya softiboli: igeuze ndani kabla hujaitajia mwaka

SWALI: Shikamoo mama. Nauza mitumba Karume, Dar es Salaam. Kwenye belo la nguo za michezo kutoka Marekani nimepata jezi ya kike ya softiboli, ule mchezo wa Marekani wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli: sateni nyekundu, vifungo mbele, kifuani jina la kampuni kwa herufi nyeupe nzito kama blanketi. Jirani yangu ameitazama kwenye simu, anasema ni hariri na ni ya ile ligi ya wanawake ya 1943, nisiitoe chini ya milioni mbili. Kwenye kola kuna lebo: nailoni asilimia 100, ifuliwe kwa maji baridi. Je, ni kweli? Na kwapani pana unjano, niitie klorini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Klorini weka mbali kabisa, nitaeleza. Jezi yako si hariri, na si ya 1943. Lebo uliyonayo mkononi imeshajibu yote mawili, tatizo ni kwamba jirani yako alitazama simu badala ya kola.

Sateni ni jina la ufumaji. Uzi mmoja hupita juu ya nyuzi kadhaa ndipo uzame chini ya mmoja, na ndiyo sababu uso wake unateleza na kung'aa. Unaweza kufumwa kwa hariri, pamba, reyoni, nailoni au poliesta. Mwaka 1943 Marekani ilikuwa vitani na Japani, nchi iliyokuwa ikiiuzia hariri yake karibu yote. Nailoni nayo, iliyotangazwa 1938, ilichukuliwa na jeshi kwa miavuli ya kurukia na kamba. Mshonaji wa jezi angeipata wapi? Sateni ya wachezaji wa miaka ile kwa kawaida ilikuwa reyoni au pamba. Zaidi ya hapo, sheria ya Marekani ya kutaja aina ya nyuzi kwenye lebo ilianza kazi 1960, na kanuni ya kushonea maelekezo ya kufua ikaanza 1972. Lebo yenye vyote viwili kwa kawaida inakuweka 1972 au baada yake.

Sasa hiyo ligi ya wanawake ya Marekani, All-American Girls Professional Baseball League, maana kila mwezi naletewa picha ya jezi fulani inayodaiwa kutoka huko. Ilianzishwa na Philip K. Wrigley, mwenye timu ya Chicago Cubs, na ni kweli ilianza kwa jina la softiboli, ikirusha mpira kwa mkono wa chini. Lakini wachezaji wake hawakuvaa shati la sateni. Walivaa gauni la kipande kimoja la kitambaa cha pamba, sketi imechanua, bukta kwa ndani, na nembo ya duara ya mji wao kifuani: Rockford, Racine, Kenosha, South Bend. Wenye ligi walitaka waonekane mabinti, na wasichana wakaulipia uamuzi huo kwa ngozi ya mapaja, kwa sababu ukiteleza kwenye mchanga kuwahi kituo cha kukimbilia, sketi haikukingi. Mimi bado linaniuma.

Sateni ilikuwa ya softiboli ya mitaani na viwandani, timu zilizodhaminiwa na waajiri, ndiyo maana kifuani lilikaa jina la kampuni. Michezo mingi ilichezwa usiku chini ya taa, na kitambaa kinachong'aa kilionekana vizuri. Hata Brooklyn Dodgers wa besiboli waliijaribu sateni kwa mechi za usiku mwaka 1944. Hiyo ndiyo historia ya jezi yako, na ni historia yenye heshima: wafanyakazi waliotoka zamu wakaingia uwanjani. Haihitaji kuazimwa umaarufu wa ligi nyingine.

Kuhusu kufua. Kama hizo herufi ni za sufu, klorini itazila mpaka zilegee kama uji, na nailoni yenyewe itazidi kuwa ya njano. Chukua pamba nyeupe, iloweshe maji baridi, igandamize kwenye pindo la ndani dakika chache. Ikitoka na wekundu, usiiloweshe jezi, rangi itaingia kwenye herufi na haitatoka tena. Ikitoka safi, fua kwa mkono, maji baridi, sabuni laini, usikamue, anika kivulini ikiwa imelazwa juu ya taulo. Unjano ukibaki, uache.

Walionichosha ni hawa wanaojiita wakadiriaji. Wanasema mwaka kwa harufu, au kwa kutu ya zipu. Wanachoma kona ya nguo kwa kiberiti ili wajue ni uzi wa aina gani, wakati uzi mmoja uliochomolewa kwenye mshono wa ndani ungetosha. Wapo wanaoloweka poliesta kwenye chai ya rangi ipate sura ya uzee. Wabaya zaidi ni wanaokata lebo. Tangu filamu ya Hollywood ya 1992 kuhusu ile ligi, magauni ya kuigiza yameshonwa mengi, na gauni likishakatwa lebo huuzwa kama la bibi wa mtu. Ukiletewa jezi "ya kale", pitisha kidole chini ya kola katikati. Ukikuta vitundu vya sindano vimepangwa mraba na kitambaa pale kina rangi iliyoiva kuliko pembeni, palikuwa na lebo, na kuna mtu hakutaka uisome.