Noah yetu itatufikisha Rubondo?

SWALI: Shikamoo Mzee. Likizo ya Juni tunataka kuwapeleka watoto wetu watatu kisiwani Rubondo kwa gari letu, Noah. Mume wangu anasema sasa daraja lipo, hata tukiondoka saa nne baada ya chai tutawahi. Ni kweli? Na watoto wataweza kuogelea?
Mama Jeni, Nyegezi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mumeo ana haki ya kulifurahia daraja. Sisi tulioendesha njia ile enzi za kivuko, ulikuwa unafika Kigongo, unanunua hindi la kuchoma, unalimaliza, foleni haijasogea hata tairi moja. Tangu Juni 2025 unakatiza kilomita 3 juu ya maji, hao Busisi. Ila mwambie limewavusha Ghuba ya Mwanza tu. La kwenda Rubondo halipo, na naomba lisijengwe kamwe.

Noah itawafikisha Muganza, huko Chato, lami tupu kupitia Geita na Katoro. Hapo inalala, nanyi mnapanda boti. Saa nne ya mumeo inaharibikia hapo. Kiangazi ziwa hutulia asubuhi. Mchana upepo unaamka. Mwaka mmoja nilifika saa kumi jioni na wajukuu. Boti ipo, nahodha yupo. Akatazama mawimbi yanavyotoa povu, akamtazama mjukuu wangu mdogo, akavua jaketi lake la kujiokolea, akalikunja, akalikalia. Hakusema neno. Tulilala gesti.

Kwa hiyo ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Boti na vyumba wekeni mapema kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa linalosimamia kisiwa, na malipo ni kwa kontroo namba. Bunda la noti halitakusaidia.

Kuogelea hapana. Kuna mamba, na hilo halina mjadala hata kwa baba yao.

Nguo za bluu na nyeusi ziacheni Nyegezi, mbung'o wanazipenda mno. Mimi nilivaa jinzi, nikajikuna hadi Geita.

Watoto watauliza simba. Hakuna. Waonyeshe nzohe, swala wa kwenye matete: kwato zake ni ndefu na zinatanuka, hazititii kwenye tope, na akiogopa huzama majini akabakiza pua. Sokwe wanasikika zaidi kuliko wanavyoonekana. Wazee wao waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa kwenye bustani za wanyama. Mjukuu wangu aliniuliza kama walikuja wanajua Kijerumani.

Chakula fungasheni, msitegemee duka kisiwani. Mchele, mafuta, nyanya, kiberiti, vyote mtavipata Katoro. Na chumvi, mama. Sisi tuliisahau, tukala maharage chapwa siku mbili.