Mwanangu, mimi sikungoja vizuri

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku niliusoma alfajiri, kabla sijafungulia kuku. Umeniambia ulikwenda kupiga picha ya matiti, ile mamogramu, kwa kuwa umefikisha miaka 43 na bima ya kazini inalipia. Huna uvimbe, huna maumivu, ulikwenda kama mtu anavyokwenda kupima presha. Wakakuambia majibu ni baada ya siku 10, na tangu hapo hulali. Halafu ukaniuliza: "Mama, mwaka ule ulipopimwa wewe, ulingojaje? Mbona hatukukuona ukihangaika?"

Nimekaa na swali hilo siku mbili. Nilitaka kukupigia, nikaacha, kwa sababu nikishasikia sauti yako nitataka kukutuliza tu, na nitakudanganya.

Mimi sikungoja vizuri. Hamkuniona nikihangaika kwa sababu niliwaficha.

Ilikuwa mwaka 2011, msimu wa kahawa. Wewe ndiyo kwanza umeanza kazi Dar, mdogo wako yuko kidato cha nne anajiandaa na mtihani. Nilishuka mjini na Hiace ya asubuhi, nikamuaga baba yako kwamba nakwenda dukani kutafuta dawa ya mibuni. Nikapigwa picha. Sasa na wewe unajua ilivyo: titi linawekwa kwenye kibao, kibao kingine kinashuka na kulibana mpaka unajikuta umesimama kwa ncha za vidole, mara mbili upande huu, mara mbili upande ule. Yule dada wa picha hakusema kitu. Alikuwa akiangalia kioo chake, akaniambia vaa, basi. Nikausoma ukimya wake kama hukumu. Nilipofika nyumbani Uru nilikuwa nimeshajizika.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba mpiga picha haruhusiwi kukuambia lolote, hata akiona picha iko safi kama maji ya chemchemi. Kusoma picha ni kazi ya daktari wa picha, naye huisoma baadaye. Kwa hiyo kama yule wa kwako alinyamaza, au alirudia picha moja, au alikuangalia usoni kidogo, usiyafanye hayo kuwa majibu. Picha hurudiwa hata kwa sababu mtu alisogea tu.

Waliniambia watanipigia. Lini, hawakusema, wala sikuuliza. Simu ikiita, moyo ulishuka tumboni. Isipoita ilikuwa mbaya zaidi, maana nilijiambia wanatafuta namna ya kunieleza. Wiki tatu, mama yangu. Wiki tatu nilichuma kahawa, nikakoboa, nikaosha, nikaanika, na usiku nililala macho nikisikiliza maji yakipita kwenye mfongo, ule mfereji wa shambani. Kila nilipooga nililiminya titi lile, asubuhi na jioni, mpaka likaanza kuuma kweli, nikayachukua yale maumivu kuwa ushahidi. Mdogo wako akiniuliza jambo namfokea. Baba yako akisogea nageukia ukutani.

Mwisho nilikwenda mwenyewe kuuliza. Karatasi yangu ilikuwa kwenye droo. Ilikuwa imesainiwa siku ya nne baada ya picha, na siku 17 ilikaa pale inalala usingizi ambao mimi nilikuwa siupati. Hakuna aliyekuwa akitafuta maneno ya kunieleza. Walisahau kupiga simu, hayo tu.

Karatasi ilisema nirudi kwa altrasaundi, kuna kitu kimeonekana upande wa kushoto. Nikarudi. Daktari akazungusha kile kifaa juu ya titi, akanionyesha kitu cheusi cha mviringo: kifuko cha maji. Akaingiza sindano, akanyonya maji, kikasinyaa palepale machoni pangu. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la mbao, nikalia peke yangu katikati ya watu wanaongoja dawa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba, kabla ya maombi na kabla ya chai ya kutuliza: kesho asubuhi piga simu pale ulipopimiwa. Waulize ni siku gani hasa, majibu yanakuja kwa simu au unayafuata, na siku hiyo ikipita umuulize nani. Andika jina la huyo mtu. Siku 10 zenye mwisho unaoujua unaweza kuzibeba. Zisizo na mwisho zinakubeba wewe.

Najua mwenzako mkubwa usiku ni nani. Ni mama yako mdogo. Hata mimi mwaka ule sikuwa naogopa picha, nilikuwa namwona yeye. Aligusa kivimbe akakificha chini ya kanga zaidi ya mwaka mzima, na alipotuambia titi lilikuwa limeshaanza kuvuta ngozi ndani. Siku hizo matibabu ya kansa yalikuwa Dar, Ocean Road. Nilimpeleka kwa basi, kichwa chake begani mwangu kutoka Moshi mpaka Ubungo. Tulichelewa. Wanawake wengi wa nchi hii hufika hospitali hivyo hivyo, kansa ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Lakini tazama, mwanangu: yeye alijua ana kivimbe akanyamaza. Wewe huna kitu na umekwenda. Hamko kwenye njia moja. Mwambie daktari kwamba mama yako mdogo aliugua, ni habari anayoihitaji, ila ujue pia kwamba wanawake wengi wanaopata kansa ya titi hawana ndugu wa karibu aliyewahi kuugua, na wengi wenye ndugu aliyeugua hawaipati.

Sitakuambia "hakuna kitu". Watu wataniambia nikuambie hivyo. Mimi nitakupa hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu tangu mdogo. Yule nesi mstaafu jirani yetu ana mtoto Uingereza, alimletea kijitabu wanachopewa wanawake wa kule, ambako huitwa kupigwa picha kila miaka 3 kuanzia 50 hadi wanapofika 71. Kimeandikwa kwamba kati ya wanawake 100 wanaopigwa picha, kama 4 huitwa warudi kwa vipimo zaidi, na kati ya hao 4, mmoja ndiye hukutwa na kansa. Watatu hurudi nyumbani. Jirani akanieleza na jambo jingine: mtu anayepigwa picha kwa mara ya kwanza huitwa tena mara nyingi zaidi, kwa kuwa daktari hana picha ya zamani ya kulinganisha. Tena kabla ya hedhi kukoma titi mara nyingi huwa na nyama iliyoshikamana, kwenye picha inatoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka nyeupe, kama kutafuta yai kwenye unga. Wewe una miaka 43 na hii ni picha yako ya kwanza. Wakikuita urudi kwa altrasaundi, utatetemeka, najua, lakini kumbuka nimekuambia mapema. Hata wakitaka kuchukua kinyama wakapime, hicho ni kipimo, bado si jibu. Na picha zako uziombe, uziweke kabatini pamoja na vyeti, zitakusaidia mwaka mwingine.

Na ikiwa ni yule mmoja? Nimelifikiria hilo pia, nisingekuwa mama kama nisingelifikiria. Ikiwa ni hivyo, imeonekana kabla hujaigusa kwa mkono, na hapo ndipo matibabu yana nguvu zaidi. Siku hizi huhitaji kwenda Dar kwa kila kitu, hospitali ya KCMC hapa Moshi wana kituo chao cha kansa tangu 2016, na chumba chako hapa kipo. Hapo ndipo ninapofika. Mbele ya hapo sitembei mpaka tuwe na karatasi mkononi, na wewe usitembee.

Usiku ndio mgumu. Woga una saa zake, kwangu ilikuwa saa nane usiku kamili. Mwaka 2013 nilipokwenda mara ya pili nilijaribu jambo alilonifundisha jirani. Nikaupa woga nafasi yake mchana: nusu saa jioni, baada ya kukamua ng'ombe, nakaa nao jikoni nasema yote, hata ya mazishi, hata ya nani atamlipia mdogo wako ada. Nusu saa ikiisha tunainuka. Usiku ukija nauambia, wewe saa yako ni kesho jioni. Siku ya kwanza haukunisikia. Ya tatu ukaanza kunisikia. Ukiamka, usibaki unagaragara kitandani. Keti, weka miguu chini sakafuni, toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, mara kumi hivi. Simu iache sebuleni. Nakufahamu, saa nane unasoma habari za wagonjwa usiowajua, na kila mmoja unamvaa. Na titi uliache. Limeshapigwa picha, kuliminya hakutaleta majibu mapema.

Mchana tafuta kazi ya macho na mikono pamoja. Mimi ilinisaidia kuchambua kahawa kwenye chekeche, kuondoa mbovu moja moja. Kufagia hakukunisaidia, mikono inafagia na akili iko makaburini.

Sasa hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Umeandika kwamba baba watoto hujamwambia kwa kuwa ana mambo mengi kazini. Mwambie leo.

Mwaka huo wa 2013 nilimwambia baba yako kabla ya kwenda. Alinyamaza, akaenda kuvaa lile koti lake la kanisani, akaja kupanda gari na mimi. Alikaa kwenye korido na kofia magotini, hakusoma gazeti, hakuongea na mtu. Tulipokuwa tunarudi ndipo akaniuliza, "Kwa hiyo mwaka ule wa kahawa ulikuwa umebeba hili?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilidhani umenichoka." Miaka miwili, mwanangu, alikaa na wazo hilo kifuani, akinitengea chakula na kuniulizia hali. Mungu amrehemu. Nilidhani ninamkinga na maumivu, nami ndiye niliyemuumiza. Hata wewe ulipokuwa ukipiga simu kutoka Dar nikisema "sijambo, kila kitu sawa", nilikunyima haki ya kuwa mwanangu siku ile.

Umenipa mimi haki hiyo Jumapili, saa tano usiku, kwa ujumbe wenye makosa ya herufi. Asante, mama yangu.

Siku ya majibu usiende peke yako, na usiyapokee kwa simu ukiwa ofisini. Akishindwa baba watoto kwenda nawe, sawa, lakini mimi nakuja hata hivyo. Nimeshamwomba jirani aangalie kuku na ng'ombe siku mbili. Nitapanda gari la kwanza, nakuja na mkungu wa ndizi za mtori na nyama nitanunua hukohuko. Nikipita Usa River, nikikaribia Arusha, nitakupigia, uje stendi unipokee, twende wote.

Mama yako,
Uru, Moshi