Atomu chache zinathibitishaje elementi mpya?

SWALI: Nimesoma kwamba elementi ya 118, oganesoni, imewahi kupatikana kwa atomu chache tu, na kila moja ilitoweka kufumba na kufumbua. Kitu ambacho hakuna aliyekiona wala kukishika mnakithibitishaje? Na hizo sifa zake zinazoandikwa zimetoka wapi?

JIBU: Mashaka yako ni halali, na hata sisi tulio kwenye fani huanza nayo kila tunaposikia tangazo jipya. Atomu yenyewe hatuioni. Tunachokiona ni namna inavyokufa.

Oganesoni hupatikana kwa kurusha viini vya atomu za kalisi-48 (namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni), vyenye protoni 20, kwenye shabaha ya kaliforni-249, yenye protoni 98. Kasi yake ni takriban sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga. Viini hivyo vyote vina chaji chanya, kwa hiyo husukumana, na hata vikigusana karibu kila mara hupasuka papo hapo. Kwa nadra sana viwili huungana, vikatema nyutroni tatu, kikabaki kiini cha oganesoni-294. Sumaku hukichuja kutoka kwenye mmiminiko wa kalisi, nacho kwenda kujichimbia ndani ya kigunduzi cha silikoni.

Hapo ndipo ushahidi unapoanza. Kigunduzi kinaandika mahali kiini kilipotua, saa na nishati. Muda mfupi baadaye, mahali palepale, inatoka chembe ya alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili: 118 imekuwa 116. Inatoka nyingine: 114. Kisha kiini kinapasuka vipande viwili. Hilo neno “palepale” ndilo lenye uzito, maana kigunduzi hupigwa na chembe nyingi zisizohusika, na bila kulinganisha mahali, muda na nishati mtu anaweza kuunganisha matukio yasiyo na undugu.

Lakini mlolongo usioishia kwenye kiini kinachojulikana unaacha mlango wa ubishi wazi. Elementi ya 113 inaonyesha hili vizuri. Kikundi cha Kosuke Morita katika taasisi ya RIKEN, Japani, kilirusha zinki (30) kwenye bismuti (83). Atomu ya kwanza ilipatikana 2004, ya pili 2005. Zote mbili zilitoa alfa nne, kisha zikapasuka zilipofika dubni (elementi ya 105). Ya tatu ilikuja 2012, ikatoa alfa sita mfululizo hadi mendelevi (101), ikipita kwenye viini ambavyo tabia zake zilikwisha kupimwa kwa njia nyingine. Atomu tatu kwa miaka yote hiyo! Kikundi cha Warusi na Wamarekani nacho kilidai 113, ila milolongo yake ilipita kwenye viini vigeni mwanzo hadi mwisho. Desemba 2015 ushindi ulitangazwa kuwa wa Japani, na elementi ikaitwa nihoni.

Ukali huu una sababu. Mwaka 1999 maabara ya Berkeley, Marekani, ilitangaza kuipata 118. Maabara nyingine zilirudia jaribio zikatoka mikono mitupu. Data ghafi ilipochambuliwa upya, ile milolongo haikuwemo; ilikuwa imebuniwa, na tangazo likafutwa.

Kuhusu sifa, uwe mwangalifu. Ukisoma kwamba oganesoni huenda ni yabisi na haifanani sana na gesi adimu zilizo juu yake kwenye jedwali, hiyo ni hesabu. Protoni 118 huvuta elektroni za ndani zikaenda kasi sana, kiasi kwamba hesabu isiyozingatia nadharia ya uhusianifu ya Einstein, inayohusu vitu vinavyokaribia kasi ya mwanga, inakosea vibaya.

Kipimo halisi cha kemia kipo kwa elementi chache, mfano kopernisi (112), ambayo ina isotopu (aina ya atomu ya elementi ileile yenye idadi tofauti ya nyutroni) inayodumu sekunde kadhaa. Atomu mojamoja ilisafirishwa ndani ya gesi juu ya vigunduzi vilivyopakwa dhahabu, upande mmoja vikiwa vya joto na mwingine baridi kali. Mahali ilipong'ang'ania palijulikana ilipovunjika. Ikaonekana kwamba hushika dhahabu kama zebaki, ila kwa nguvu ndogo zaidi. Oganesoni-294 huvunjika ndani ya takriban milisekunde moja, kabla hata gesi haijaifikisha kwenye dhahabu hiyo.