Kabla ya kufungua wino, kaa naye jamvini

Mdogo wangu mmoja aliyemaliza shahada ya sheria ameniuliza: "Dada, moyo wangu uko kwenye ustawi wa jamii. Nikiacha uwakili si nitakuwa nimetupa miaka yangu?" Nilimjibu kwa simu, lakini jibu lilikuwa fupi mno kwa swali zito namna ile.

Nilipotoka ofisi ya wakili kwenda kufanya kazi na wajane, hata nyumbani waliona nimeshuka. Aliyenitia moyo ni Cornelia Sorabji, mwanamke aliyezaliwa Nashik, India, mwaka 1866. Alinyimwa ufadhili wa serikali kwa sababu ni mwanamke. Marafiki wa Uingereza wakamchangia, muuguzi mashuhuri Florence Nightingale akiwemo, akaenda Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1889. Mwaka 1892 akawa mwanamke wa kwanza kufanya mtihani wa shahada ya juu ya sheria pale. Alifaulu, ila shahada yenyewe alikuja kupewa mwaka 1922.

Huko kwao wanawake wengi wa familia kubwa waliishi nyuma ya pazia, wasionekane na mwanamume wa nje. Wengine walikuwa na mashamba na majumba, na mawakili wote walikuwa wanaume. Basi karatasi inapenyezwa upande wa pili, inarudi na alama ya dole gumba. Dole la nani? Nani kamsomea? Mahakama zilitaka ithibitike kuwa mwanamke wa pazia ameelewa alichotia dole, lakini wakili hakuweza kuingia kumuuliza. Cornelia aliweza. Mwaka 1904 serikali ilimwajiri Bengal, mashariki mwa India, kwenye idara iliyosimamia mali za yatima na wanawake hao. Kwa takriban miaka 20 aliwasaidia watu wanaokadiriwa kufika 600, na alichokuta ndani hakikuwa mirathi peke yake: watoto wasiosoma, maradhi, ugomvi na wakwe. Siasa zake sikubaliani nazo, maana alitetea utawala wa Waingereza na kumpinga Gandhi. Kazi yake ya kuingia nyumba kwa nyumba naiheshimu kwa moyo wote.

Mimi pazia nililikuta ofisini kwangu, mchana kweupe. Mama mmoja mjane aliletwa na shemeji yake, wana muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza shemeji kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu. Niliusoma wote kwa sauti, polepole. "Umeelewa, mama?" "Nimeelewa, mwanangu." Akatia dole, wakaondoka.

Wiki iliyofuata nilimpitia kwake kwa shughuli nyingine, nikamkuta anachambua mchele. Nikakaa jamvini, nikavuta ungo kumsaidia. Tulikuwa tumeshatoa mawe ya kujaza kiganja aliponiuliza, macho yako kwenye ungo: "Hivi ile karatasi ndiyo iliyompa shemeji nyumba?"

Mwili uliniisha nguvu. Kila neno nilikuwa nimemsomea, na bado hakujua kwamba msimamizi wa mirathi hapewi mali. Kazi yake ni kuikusanya, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Shemeji alikuwa amemwambia vingine, naye asingeweza kuniuliza mbele yake.

Kwa hiyo mdogo wangu, hujatupa chochote. Bila ile sheria uliyosoma ungebaki kumpa mjane pole tu. Huisha leseni yako kila mwaka, na kaeni nyumbani mzungumze mapema kuhusu kipato, kwa sababu kitapungua, tena sana mwanzoni. Mtu akiletwa na ndugu yake, tafuta namna ya kubaki naye peke yake hata dakika kumi. Usimuulize kama ameelewa, maana atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie akusimulie kwa maneno yake karatasi inasema nini na kesho yake kitabadilika nini nyumbani. Akikwama, funga wino, siku nyingine ipo.

Yule mama aliweka pingamizi mahakama ya mwanzo kabla ombi la shemeji la kusimamia mirathi halijasikilizwa. Ukoo ukakaa tena, safari hii uani kwake, na muhtasari alisomewa na bintiye wa darasa la saba. Mara mbili mama alimkatisha: "Hapo rudia."